Kumtaja Mdudu kwa Picha

Pwani yetu ina Shela mbili. Moja iko Lamu, kando ya michanga mirefu. Ya pili iko Malindi, nayo huandikwa Shella, mtaa wa kale ulioko karibu na ufuko, jirani na msikiti wa Ijumaa na makaburi ya nguzo yaliyosimama hapo tangu karne nyingi. Mtu akipeleka barua Shela bila kutaja mji, barua hiyo yaweza kwenda Lamu, ikazunguka huko, na kumrudia mwenyewe haijafunguliwa. Naomba, msomaji, uiweke barua hiyo akilini, maana nataka kunena nawe juu ya watu wawapigao picha wadudu na kuwapa majina; na kasoro ya kwanza niionayo katika kazi yao ni ile ile ya barua: picha nyingi hazisemi zilipigwa wapi.

Kazi yenyewe ni nzuri, wala sina nia ya kuidharau. Zamani mtu aliyetaka kuwajua wadudu alihitaji wavu, sindano, chupa ya sumu na sanduku la kuwahifadhia waliokufa. Leo kijana wa Shella ana kamera ndani ya simu yake. Masika yakinyesha, na taa ya baraza ikawaka, ukuta mweupe hujaa wageni: nondo wa kijivu na nondo wa kijani, kumbikumbi, mende wenye pembe, na vunjajungu aliyekuja kuwawinda hao wote. Kwa muda wa nusu saa kijana yule aweza kupata picha thelathini bila ya kumwua hata mdudu mmoja. Kisha hutafuta majina. Wengine hufungua kitabu. Wengine humwuliza mwenzao. Wengi siku hizi huiuliza programu iliyomo katika simu hiyo hiyo, nayo huwajibu kabla hawajapepesa macho. Jina huja kwa Kilatini, refu na lenye haiba, na aliyelipata hudhani kwamba kazi imekwisha.

Mimi nasema kwamba hapo ndipo kazi inapoanza. Katika darasa la fasihi, mwanafunzi akisema kwamba shairi fulani ni la maombolezo, mwalimu mzuri hamwambii upesi kuwa amepata au amekosa. Humwuliza, "Umejuaje?" Mwanafunzi akionyesha neno hili na mshororo ule, jibu lake lina uzito hata kama mwalimu mwenyewe ana rai nyingine. Asipoweza kuonyesha kitu, jibu lake ni bahati nasibu, hata likiwa sahihi. Jina la mdudu ni dai la namna hiyo hiyo. Basi na tuzihakiki picha za wadudu kama tuhakikivyo mashairi, kwa kuuliza kila mara: je, dai hili lina ushahidi ndani ya picha, au limetoka nje yake?

Mchukue kipepeo mmoja ambaye bila shaka umemwona. Ni wa ukubwa wa kadiri, rangi yake ni ya chungwa iliyofifia kidogo, na huruka polepole juu ya viwanja vya mchanga kama mtu asiyedaiwa. Linnaeus wa Uswidi alimpa jina mwaka 1758, na leo huitwa Danaus chrysippus. Ana sababu ya kutembea bila hofu. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, ile ambayo wazee hukataza watoto wasiiguse kisha wakajifikicha macho; na sumu ya utomvu huo hubaki katika miili ya wengi wao hata wanapoota mabawa. Ndege akimla mmoja hutapika, na tangu siku hiyo rangi ya chungwa humkumbusha tumbo lake.

Yuko kipepeo wa pili, Hypolimnas misippus. Dume wake ni mweusi, mwenye mabaka makubwa meupe yaliyozungukwa na mng'ao wa zambarau. Hakuna mtu awezaye kumchanganya na yule wa kwanza. Lakini jike wake amevaa nguo za jirani. Ana rangi ile ile ya chungwa, ukubwa ule ule, na hata mwendo ule ule wa kutojali. Hana sumu ya kumkinga. Anaishi kwa sifa ya mwenziwe. Tena jirani huyo, Danaus, hana vazi moja tu. Wako wenye ncha nyeusi na utepe mweupe katika bawa la mbele, wako wasio na ncha hizo, nao wa namna hii ya pili ni wengi katika pwani yetu. Na majike wa Hypolimnas wana mavazi ya kufuatia yote mawili.

Sasa fikiri. Kijana anapiga picha ya kipepeo wa chungwa aliyetua juu ya ua. Picha ni safi mno: ua limeng'aa, mwanga wa asubuhi umepita katika mabawa, na kila aionaye husema, mashaallah. Huyu ni nani? Tofauti iliyo rahisi kuonekana imo katika bawa la nyuma. Danaus ana madoa madogo meusi matatu, na dume ana la nne. Hypolimnas ana doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Ikiwa kipepeo alitua kwa namna ambayo bawa la mbele limelifunika la nyuma, basi jibu limefunikwa pamoja nalo. Uzuri wote wa picha hauwezi kulifunua. Mwanafunzi mwingine mwenye simu mbovu, aliyepata picha yenye ukungu ambamo doa lile moja linaonekana, amefanya kazi kubwa zaidi kuliko mwenzake. Hapa pana tofauti ambayo wapenzi wengi wa picha hawaitaki: picha ya kupendeza na picha ya kushuhudia ni vitu viwili, na kwa kawaida husifiwa ile ya kwanza.

Si wanafunzi tu waliodanganywa na mavazi. Katika misitu ya Afrika yuko kipepeo aitwaye Papilio dardanus. Dume ni wa rangi ya manjano hafifu, mwenye mikia miwili mirefu katika mabawa ya nyuma. Majike wake, katika sehemu kubwa ya bara hili, hawana mikia wala manjano. Mmoja ni mweusi na mweupe, mwingine mweusi na chungwa, kila mmoja akimwiga kipepeo mwingine mwenye sumu. Wataalamu wa Ulaya walioletewa maiti wao katika masanduku waliwatenga dume na majike na kuwapa majina mbalimbali, kana kwamba ni aina nyingi. Roland Trimen, aliyefanya kazi huko Rasi ya Tumaini Jema, ndiye aliyeandika mwaka 1869 kwamba hao wote ni mume na wake wa nyumba moja. Wenzake hawakumkubalia wote mara moja, na wala siwalaumu: ukiwapanga vipepeo hao mezani, macho yako yatakataa. Lililomaliza ubishi ni kulea. Mayai ya jike mmoja yalilelewa mpaka yakatoa vipepeo, wakatoka madume wenye mikia na majike wasiofanana nao, wala wao kwa wao. Wale waliokuwa na maiti mikononi, ambayo ni zaidi ya picha, walikuwa wamekosa. Aliyekuwa na yai na majani na subira alipata.

Waswahili hatuna haki ya kushangaa sana, kwa kuwa tumelijua jambo hili katika mnazi. Tunda lile lile huwa kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, kisha nazi. Mgeni akionyeshwa picha ya kidaka na picha ya nazi atadhani ni matunda ya miti miwili. Mtoto wa Shella atacheka. Lakini mtoto huyo huyo humwona kiwavi katika mlimau wa kwao, amekaa juu ya jani, hudhurungi na mweupe kama mavi ya ndege, na akipiga picha humpa jina moja. Baada ya siku chache humwona mwingine katika mlimau ule ule, mnene, wa kijani kibichi, ambaye akiguswa hutoa pembe mbili laini zenye rangi ya moto na harufu kali, na humpa jina la pili. Kisha huja kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, naye hupewa la tatu. Wote watatu ni Papilio demodocus, kipepeo wa milimau na michungwa. Angalia pia kwamba ile harufu, ambayo ni ushahidi bora kuliko rangi, haimo katika picha. Wala haumo mlimau wenyewe, ikiwa mpigaji alimkaribia mno kiwavi hata jani likakatwa nje ya fremu.

Jambo la jani nalishikilia, kwa sababu wako watu katika wilaya hizo hizo waliojenga maarifa yao yote juu yake. Kusini ya Malindi, karibu na magofu ya Gede, upo msitu wa Arabuko-Sokoke wenye kilomita za mraba 420 hivi na aina zaidi ya 250 za vipepeo. Mwaka 1993 ulianzishwa hapo mradi uitwao Kipepeo, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Wakulima wa mpakani walikuwa wakiuona msitu kuwa ni balaa, maana nyani na tembo walitoka humo kuwala jasho lao. Mradi uliwafundisha kufuga vipepeo. Mkulima humnasa jike msituni, humtia katika kibanda cha wavu pamoja na majani ya mmea autakao, naye hutaga. Viwavi hulishwa majani hayo hayo mpaka kila mmoja ajifunge kuwa bundo, yaani lile ganda lililotulia ambamo hugeuka. Kisha mabundo husafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani, yafike kabla vipepeo hawajatoka.

Tazama namna mkulima huyo anavyomjua mdudu. Hamwulizi sura yake kwanza. Humwuliza anakula nini. Kiwavi akipewa jani lisilo lake hufa na njaa juu ya chakula kingi, na hasara ni ya mfugaji. Akikosea jina, mnunuzi aliyeagiza kipepeo mmoja hupata mwingine. Mara nyingine bundo linaloonekana zima hutoa kundi la nyigu wadogo waliomla kiwavi ndani kwa ndani, na ganda la nje lisiseme neno. Mtu aliyefundishwa na hasara za namna hiyo haamini sura upesi. Ningependa sana wapiga picha wetu wa Shella wapate siku moja ya kukaa na mmoja wa wafugaji hao. Umbali si mkubwa, na nauli ya matatu haimshindi mtu mwenye simu.

Hata lugha yetu, ukiichungulia, haikuwapa wadudu majina kwa kuwatazama sura tu. Kifaurongo amepewa jina kwa hila yake ya kujifanya maiti. Vunjajungu ana jina la imani ya zamani, kwamba amgusaye atakivunja chombo atakachoshika baadaye. Majimoto, wale chungu wekundu wa miembe na minazi, wameitwa kwa maumivu waliyoyatia katika ngozi za watu. Haya ni majina ya vitendo. Hayawezi kutosha kwa elimu ya leo, maana neno "kipepeo" kwetu hubeba zaidi ya aina 800 zilizomo Kenya peke yake, na mzigo huo ni mzito kwa neno moja. Lakini yana fadhila ambayo jina la Kilatini lililotolewa na simu halina: aliyelitunga alikuwa amemtazama mdudu akiishi.

Nije sasa kwenye programu yenyewe. Inayojulikana zaidi ni iNaturalist, iliyoanzishwa huko Kalifonia, Marekani, mwaka 2008. Haimjui mdudu, imeonyeshwa mamilioni ya picha zilizokwisha kupewa majina na watu, nayo hutafuta picha ifananayo na yako. Picha nyingi ilizoonyeshwa zilipigwa Marekani na Ulaya, kwa sababu huko wako wapigaji wengi, ingawa wadudu wengi wako kwetu. Kwa hiyo nondo wa Malindi ambaye hajapigwa picha na mtu mwingine yeyote aweza kupewa jina la binamu yake wa mbali, na programu haina njia ya kusema, "Huyu sijapata kumwona." Hiyo ndiyo kasoro ya chombo, na wenye chombo wanaijua. Kasoro kubwa zaidi ni ya watu. Kanuni yao ni kwamba jina hupata hadhi ya juu likikubaliwa na zaidi ya theluthi mbili za wale walioitazama picha. Kanuni hiyo ni njema, kwa sharti kwamba kila mmoja ametazama kwa macho yake. Lakini ikiwa wa kwanza amelipata jina katika programu, wa pili amemwamini wa kwanza, na wa tatu ameona wawili wamekubaliana akaona haya kuwapinga, tuna mashahidi wangapi? Kadhi yeyote wa pwani atakujibu: watu watatu waliosikia habari kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja. Na hapa hata huyo mmoja si mtu.

Yako mambo ambayo hakuna picha itakayoyafaa. Mbu aletaye malaria, aliyeitwa Anopheles gambiae, alidhaniwa kwa muda mrefu kuwa ni aina moja. Katika miaka ya 1960 wataalamu waliwapandanisha mbu wa mahali mbalimbali, wakaona kwamba watoto wa kiume wa baadhi yao ni tasa, na hiyo ni dalili kwamba wazazi si wa aina moja. Ikathibitika kuwa chini ya sura ile moja wamejificha mbu wa aina kadhaa. Mmoja wao, Anopheles merus, huzaa katika maji ya chumvichumvi ya pwani ya Afrika Mashariki. Mwingine hupendelea kuwauma ng'ombe kuliko watu. Mwingine hupenda watu hasa. Kwa daktari wa Kilifi tofauti hizo ni uzima na mauti, lakini kwa kamera hazipo. Hao wakubwa, wakitazamwa kwa macho, ni mamoja. Mtu akikuletea picha ya mbu huyo na jina kamili la Kilatini chini yake, huna haja ya kuchunguza picha. Muulize tu swali letu.

Yakupasa kujua pia kwamba wataalamu wenyewe wamegombana juu ya jambo hili, tena kwa ukali. Mwaka 2011 mpiga picha wa Malaysia, Hock Ping Guek, alimpiga picha mdudu mmoja wa kijani mwenye mabawa kama kimia, kisha akamwacha aruke. Shaun Winterton, mtaalamu aliyekuwa Kalifonia, aliiona picha hiyo, akatambua kwamba alama zile za mabawa hajapata kuziona kwa mdudu yeyote. Je, alimpa jina? Hakumpa. Alimwandikia mpiga picha, naye akarudi msituni hata akampata mdudu mwingine wa namna hiyo, akapelekwa kwa mtaalamu wa makumbusho ya London; na mwaka 2012 ndipo wote watatu walipotangaza jina, Semachrysa jade. Lakini mwaka 2015 wataalamu wawili, Marshall na Evenhuis, walimpa jina nzi mmoja wa Afrika Kusini kwa picha tupu, pasipo na mwili wa mdudu uliowekwa katika makumbusho. Nzi huyo hufanana sana na nyuki yule mkubwa mweusi atoboaye boriti za nyumba, nao wakamwita Marleyimyia xylocopae kwa ajili ya mfanano huo. Mwaka uliofuata wanasayansi karibu 500 walitia sahihi waraka wa kupinga desturi ya kutoa majina mapya kwa picha peke yake.

Mimi niko upande wa waraka, ingawa si kwa hasira yake yote. Wenye kutetea picha husema kwamba misitu inateketea, sheria za kukusanya wadudu zimekuwa ngumu, na heri jina lenye picha kuliko mdudu apotee bila jina. Hoja hiyo ina huruma ndani yake. Lakini mdudu aliyehifadhiwa aweza kuulizwa maswali ambayo hayajazaliwa bado. Picha hujibu yale tu ambayo mpigaji alibahatika kuyaelekea. Winterton alifanya lililo bora: aliitumia picha kujua kwamba hajui, akamtafuta mdudu.

Usidhani, msomaji, kwamba nawafukuza wapenzi wa kawaida katika shamba la wataalamu. Torben Larsen, Mdenmark aliyetunga kitabu kikubwa cha vipepeo wa Kenya kilichotolewa mwaka 1991, alikuwa mchumi kwa kazi yake ya kila siku. Vipepeo aliwashughulikia kwa mapenzi. Kitabu hicho hakiishii katika picha. Kwa kila kipepeo, pale ambapo habari zilipatikana, hueleza makao yake, mwendo wake, na mmea alao kiwavi wake. Ukikiweka kando ya mkusanyo wa picha za simu zenye majina matupu, utaona upungufu uko wapi, nao hauko katika shahada ya mpigaji.

Nitakuonyesha mtu mwingine, huyu mtaalamu hasa, kwa maana kisa chake kinaigusa minazi ya Shella. Kwa miaka mingi minazi ya Unguja na ya pwani ya bara iliangusha vidaka kabla ya wakati wake, na nazi zilizobaki zilitoka na makovu yanayotoa ulimbo. Mwenye shamba akitazama juu aliwaona nani? Majimoto, maelfu kwa maelfu, wameyashona majani kwa nyuzi wakajenga viota, na kila apandaye huumwa. Kama kamera ya simu ingekuwako zamani hizo, kila picha ya mnazi uliougua kidogo ingekuwa na majimoto ndani yake, na hukumu ingekuwa nyepesi. M. J. Way aliyechunguza jambo hili Unguja aliona kinyume chake. Mwenye kosa alikuwa mdudu mwingine wa jamii ya kunguni, mwenye mdomo kama sindano, afyonzaye vidaka na kuwatilia mate yenye sumu. Naye ni mwoga, huonekana kwa nadra. Majimoto walikuwa walinzi: mnazi walioutawala walimfukuza adui, na minazi iliyougua sana ilikuwa ile ambayo hawakuwamo. Mkulima aliyewachoma moto majimoto kwa kuwa aliwaona mahali pa msiba alikuwa akimfunga askari na kumwacha mwizi.

Sasa tazama Way alivyoandika. Katika makala aliyoyatoa mwaka 1953 aliieleza dalili ya ugonjwa, chanzo chake, maisha ya mdudu na maadui zake, lakini mahali pa jina la mdudu aliandika la ukoo tu, Theraptus, na baada yake kifupisho cha Kilatini ambacho maana yake ni kwamba aina haijajulikana. Aliwaokoa wenye minazi akiwa na nusu ya jina. Mtaalamu aitwaye Brown alipomchunguza mdudu huyo kwa makini, aliona kwamba hata ule ukoo haukuwa wake, akampa jina kamili mwaka 1955: Pseudotheraptus wayi, akilitumia jina la Way mwenyewe. Nusu ile ya jina iliyoandikwa mwanzo ilibadilika. Lakini habari za vidaka, za mate yenye sumu, na za majimoto zilibaki kama zilivyoandikwa, kwa kuwa hazikutegemea jina.

Basi ukisimama usiku kando ya ukuta wenye taa, na nondo wa kijivu akatua mbele yako, weka sarafu karibu naye ili ukubwa wake ujulikane. Mpige picha kwa juu na kwa ubavu. Mpige na kile alichokalia. Kisha uandike hivi: Shella, Malindi, Kenya; tarehe na saa; siku ya pili baada ya mvua; juu ya ukuta wa chokaa, taa nyeupe; mkunga upo hatua tatu, mwarobaini upo hatua kumi. Na mahali pa jina uandike: nondo, aina haijajulikana.